Wanaonyesha Ndani, Wanaficha Chini: Mastaa wa Matela Makali Waache Kuzuga!

Picha ni ileile kila wiki, wanaobadilika ni watu tu. Tela limeegeshwa jangwani Arizona, mlango uko wazi, ndani kuna godoro limetandikwa shuka jeupe pee, mito miwili ya rangi ya udongo, kikapu cha ukili kimening'inia, vitaa vidogo vimezungushwa darini na kikombe cha kahawa kinafuka mvuke. Miguu ya mdada inaonekana, uso hauonekani. Chini yake maneno matatu tu: "Hakuna kodi. Uhuru." Saa moja haijaisha, laiki zimeshafika maelfu na watoto wa mjini, kuanzia Sinza mpaka Kasarani, wanajazana kwenye komenti: "Hayo ndiyo maisha sasa!"

Jina la mtu halitajwi hapa, na wala halihitajiki, kwa sababu kila mdau wa Insta na TikTok ana wake anayemfuata. Yupo mdada wa Kimarekani mwenye sauti ya upole anayepaka rangi tela bovu la miaka ya 1970 mpaka linageuka hoteli. Wapo wapenzi wawili ambao kila video yao inaanza na "tuliuza kila kitu". Na siku hizi wameongezeka na wa huku nyumbani: mastaa na watoto wa diaspora ambao wakifika Marekani wanakodi RV, yaani nyumba yenye magurudumu, kwa wikiendi moja, wanabadilisha nguo mara sita, halafu wanatupia picha zile kwa miezi mitatu kana kwamba ndimo wanamoishi.

Wote hao wana tabia moja. Wanaonyesha ndani, wanaficha chini. Ndani ndiko kuliko mito na vikapu. Chini ndiko kuliko ekseli, matenki ya maji machafu, deni la benki, na sheria inayoamua nani aruhusiwe kulala barabarani na nani afukuzwe. Kijana anayeangalia kwenye simu anapewa nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayomwingiza mkenge.

Kupenda tela si kosa

Jambo moja liwekwe sawa kwanza. Hakuna ubaya wowote kutamani maisha ya barabarani. Mtu anayeishi Dar na kuombwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, halafu mwenye nyumba anaongeza bei kabla rangi ya ukutani haijakauka, lazima maneno "hakuna kodi" yamguse moyoni. Nyumba inayotembea, isiyo na baba mwenye nyumba wala jirani wa kuuliza uliingia saa ngapi, ni ndoto inayoeleweka kabisa.

Na tela lenyewe ni kazi ya akili. Kampuni ya Airstream, ile inayotengeneza matela yanayong'aa kama risasi ya fedha, ilianzishwa na Mmarekani Wally Byam miaka ya 1930. Tela lake la mwaka 1936 lililoitwa Clipper liliundwa kwa mabati ya aluminiamu yaliyopigwa ribiti, kama bodi la ndege. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliporudi kutoka mwezini, waliwekwa karantini ndani ya Airstream iliyofanyiwa marekebisho, na Rais Nixon akawapokea akiwa nje ya dirisha. Hicho si kitu cha kubeza.

Usanii wa ndani pia unastahili heshima. Meza inashuka inakuwa kitanda. Ngazi ndiyo droo. Chini ya kiti kuna tenki la maji, na juu ya jiko kuna rafu yenye ukingo ili vikombe visidondoke gari likipiga kona. Aliyekulia chumba kimoja Manzese au Kibera, kitanda huku, pazia katikati, jiko na ndoo kule, anaijua sanaa hiyo vizuri sana. Tofauti ni kwamba mama wa Manzese hakuwahi kupata mdhamini wa mapazia.

Tena stori ya Airstream inafika mpaka Afrika. Mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo, ukapita Kenya na Ethiopia, na haukufika Misri mpaka mwaka 1960. Picha iliyobaki maarufu ni ya matela yamepangwa duara mbele ya mapiramidi ya Giza, yanang'aa utadhani yameshushwa na helikopta. Lakini kabla ya picha ile kuna watu waliokwama kwenye tope, wakavunja vyuma, wakapasua matairi na kuvutana wao kwa wao sehemu ambazo barabara ilikuwa jina tu. Waswahili walishasema zamani: ukiona vyaelea, vimeundwa. Tatizo la mastaa wa leo ni kwamba wanataka vyaelea bila mtu yeyote kuuliza vimeundwaje.

Uongo wa kwanza: urembo hauna uzito

Anza na huo urembo wa ndani. Tela si chumba cha kawaida. Ni gari lisilo na injini, linalovutwa kwa kasi ya barabara kuu, na kila kitu kinachowekwa ndani kinahesabiwa kwa kilo. Kila tela lina kikomo cha uzito kilichoandikwa kwenye bamba lake, na pikapu inayovuta nayo ina kikomo chake. Maji peke yake ni mzigo. Tenki la galoni 40, ambalo ni la kawaida tu, linabeba karibu lita 150, maana yake kilo 150 zimeshaingia kabla hata ya kupanda wewe na begi lako.

Sasa mdada wa video anaingiza vigae halisi ukutani, kaunta ya mbao nene, beseni la kuogea la chuma na jiko la mtindo wa zamani. Kwenye video inaonekana "kaligeuza kwa siku kumi". Kisichosemwa ni kwamba kanuni ya kuvuta tela inataka takriban asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake ikae mbele, pale linapoungana na gari. Beseni na jiko vikikaa nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, na tela linaanza kutikisa mkia. Upepo wa pembeni ukipiga au lori likipita kasi, mkia huo unaweza kulivuta gari zima mpaka likapinduka. Hilo si suala la mtindo. Watu wanakufa kwa uzito uliopangwa vibaya.

Kuna na mchezo wa rangi nyeupe. Matela mengi ya zamani yana fremu ya mbao ndani ya kuta, na adui wake mkubwa ni maji yanayopenya kwenye maungio ya paa na kingo za madirisha. Maji yakikaa humo miaka miwili mitatu, mbao inaoza taratibu bila mtu kuona. Fundi wa kweli anabandua ukuta, anakata mbao mbovu, anaweka mpya, anaziba paa upya, kisha anakagua maungio kila mwaka. Fundi wa laiki anapiga rangi nyeupe juu ya uozo, anabandika karatasi ya maua, anawasha vitaa. Picha zinatoka kali kweli. Miezi sita baadaye linauzwa kwa shabiki, na shabiki ndiye anayekuja kugundua kidole kinazama ukutani kama mkate uliolowa chai.

Nani anayetupia video ya kubandua ukuta uliooza? Wapo wachache, na hao wanastahili pongezi. Lakini wachache hao ndio wenye wafuasi wa kuhesabika, kwa sababu uozo hauuzi mito.

Uongo wa pili: maisha ya bure

"Hakuna kodi" ni maneno matamu ambayo hayajakamilika. Tela jipya kubwa la Airstream linavuka dola 100,000 kirahisi, na bado hapo hujanunua pikapu yenye nguvu ya kulivuta. Wamarekani wengi hawalipi taslimu. Wanachukua mkopo, na mikopo ya RV inaweza kwenda miaka 15 hadi 20. Huku nyuma thamani ya tela inaanza kushuka siku ileile linapotoka kwa muuzaji, tofauti na kiwanja ambacho huenda kikapanda. Mtu anaweza kujikuta anadaiwa hela nyingi kuliko bei ambayo mnunuzi yeyote yuko tayari kutoa. Hiyo inaitwa kodi kwa jina lingine, na mwenye nyumba ni benki.

Mafuta nayo. Pikapu inayovuta tela kubwa kupata kilomita nne au tano kwa lita moja ni kawaida. Kambi yenye umeme, maji na sehemu ya kumwaga uchafu, kulipa dola 50 kwa usiku si ajabu, na nyingine zinazidi hapo. Piga hesabu ya siku 30: ni dola 1,500. Kwa mji mdogo wa Marekani hiyo ni hela ya chumba chenye choo kisichotikisika.

Ndio, choo. Hapa ndipo mastaa wote wanapokuwa mabubu ghafla. RV ina matenki matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Hili la tatu halijisafishi kwa kupigwa picha. Kila baada ya siku kadhaa mtu anavaa glavu, anaunganisha bomba nene chini ya tela, anafungua koki, anasubiri mzigo wote ushuke kwenye shimo la kambi, kisha anasuuza. Akikosea kuunganisha, viatu vyake vitasimulia. Kwenye baridi kali mabomba yanaganda. Kwenye joto kali, kiyoyozi kinataka umeme wa kambi au jenereta, na paneli mbili za sola juu ya paa hazitoshi kukiendesha kutwa nzima. Yote hayo ni ya kawaida, yanafanyika, na watu wanayazoea. Swali ni kwa nini yafichwe kama siri ya ndoa.

Jibu liko wazi: anayelipwa hawezi kuonyesha. Godoro limetolewa na kampuni, jiko limetolewa na kampuni, wakati mwingine tela zima limeazimwa kwa ajili ya picha. Nchini Marekani mamlaka ya biashara, FTC, inataka mtu anayelipwa au anayepewa bidhaa ili aitangaze aseme hivyo wazi. Huku nyumbani kuna mastaa wanaotupia tangazo la kulipwa na kuliita "siku yangu ya kawaida", na mashabiki wanaamini ni maisha.

Matokeo ya ndoto za kukopeshwa yameshaonekana. Wakati wa korona kila mtu alitaka kukimbilia porini, na mwaka 2021 viwanda vya RV, vingi vikiwa maeneo ya Elkhart, Indiana, vilivunja rekodi kwa kusafirisha zaidi ya RV 600,000. Mwaka 2023 idadi ikashuka mpaka takriban 313,000. Bei za yaliyotumika nazo zikaporomoka. Nyuma ya namba hizo kuna watu walionunua kwa bei ya juu wakiwa wamelewa picha, kisha wakarudi kuuza kwa hasara wakiwa wameshajua bomba la choo linafanyaje kazi. Mastaa waliowauzia ndoto hawakurudisha hata senti.

Uongo wa tatu: uhuru ni wa kila mtu

Huu ndio uongo mbaya kuliko yote, na ndio unaofanya suala hili lisiwe la mito na vikapu pekee.

Mwaka 2011 kijana mmoja wa Kimarekani aliyeacha kazi yake New York alianza kutupia picha za gari lake la kulala kwa alama ya #vanlife. Alama ikashika moto, na kulala kwenye gari kukawa fasheni. Lakini Wamarekani wengi walikuwa wanalala kwenye magari kabla ya hapo, na bado wanalala, na wao hakuna aliyewapa mdhamini. Walipoteza nyumba kwenye mtikisiko wa uchumi wa 2008, walistaafu na pensheni isiyotosha, waliachwa, waliugua wakafilisika kwa bili za hospitali. Mwandishi Jessica Bruder aliandika kitabu kuwahusu, Nomadland, kilichotoka 2017, na filamu iliyotokana nacho ikachukua Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Humo kuna wazee wanaozunguka na RV zao wakifuata vibarua vya msimu: kuvuna viazi sukari, kusafisha vyoo vya kambi, kupanga mizigo kwenye maghala ya Amazon kabla ya Krismasi. Amazon ilikuwa na mpango kabisa wa kuajiri watu wa aina hiyo, ulioitwa CamperForce. Bibi wa miaka 60 na kitu anatembea kwenye ghala la zege zamu nzima, usiku analala kwenye tela lake kambini. Yeye naye hana kodi ya nyumba. Aulizwe kama anaitaja hali ile kwa neno uhuru.

Na sheria inawaona watu hawa kwa macho tofauti. Tarehe 28 Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliruhusu mji wa Grants Pass, Oregon, kuendelea kuwapiga faini watu wanaolala sehemu za umma, hata kama hawana pengine pa kwenda. Faini yenyewe ilikuwa inaanzia dola 295. Mtu anayelala nje kwa sababu hana hela anaambiwa alipe dola 295 kwa kosa la kulala. Baada ya hukumu hiyo miji mingine ikapata nguvu ya kukaza sheria zake, na RV chakavu zilizoegeshwa mitaani ni miongoni mwa vitu vinavyovutwa na kuondolewa.

Hata ardhi ya serikali ambako picha nyingi za jangwani zinapigwa ina masharti. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo magharibi mwa Marekani inaruhusu kupiga kambi bure kwa siku 14 tu ndani ya siku 28, kisha sharti uhame. Kwa staa hiyo ni maudhui mapya: "Tunahamia sehemu nyingine, wapendwa!" Kwa mama mwenye watoto wawili wanaosoma shule ya jirani, ni kufungasha maisha yote kila wiki mbili na kutafuta mafuta ya kuondokea.

Kisha ikumbukwe Katrina. Baada ya kimbunga hicho mwaka 2005, serikali ya Marekani iliwapa waathirika wa New Orleans na maeneo jirani matela ya kuishi, makumi kwa maelfu. Watu wakaanza kulalamika macho yanawasha, vichwa vinauma, watoto wanakohoa. Mwaka 2008 vipimo vya CDC, taasisi ya taifa ya afya, vikathibitisha kwamba hewa ndani ya matela hayo ilikuwa na fomaldehaidi kuliko nyumba za kawaida, kemikali inayotoka kwenye gundi ya mbao za kubandika kuta na makabati. Ndani mwa matela hayo nako kulikuwa na kitanda, jiko na pazia. Hakuna aliyepiga picha ya miguu mlangoni.

Tela ni lilelile. Akikaa mtu mwenye kamera linaitwa mtindo wa maisha, akikaa asiye na kamera anaitwa kero ya mtaa. Na hapa nyumbani hali haina tofauti kubwa. Dereva wa lori anayelala kwenye kabini yake Tunduma, akisubiri zamu ya kuvuka kwenda Zambia, amening'iniza taulo dirishani na sufuria anachemshia pembeni ya tairi. Hakuna aliyewahi kumwita balozi wa uhuru.

"Acheni wivu"

Povu linajulikana litakapotokea. La kwanza ni "acheni wivu". Hoja hiyo imechoka. Anayeumia na picha hizi ni shabiki mwenyewe, yule anayempenda staa kuliko wote. Ni binti wa diaspora kule Texas aliyeachana na chumba chake akachukua mkopo wa tela kwa sababu aliona video arobaini, na hakuna hata moja iliyotaja riba. Kumtetea huyo haiwezi kuwa wivu.

Povu la pili ni "hii ni burudani tu, nani kasema ni ukweli?" Sawa. Filamu ni burudani, na kila mtu anajua kwamba yule jambazi hakufa kweli. Lakini staa wa tela hasemi anaigiza. Anasema "haya ndiyo maisha yangu", "nawe unaweza", kisha anaweka linki ya kununua godoro. Ukishaweka linki, umetoka kwenye burudani umeingia dukani, na mwenye duka anatakiwa aseme bidhaa ina nini.

Povu la tatu ndilo zito: "Mbona nimepambana mpaka nikafika hapa? Nimelala kwenye baridi, nimetengeneza tela kwa mikono yangu." Ni kweli, wapo waliopambana, na hao ndio wanaoshangaza zaidi. Kama mtu ameziba paa mwenyewe, amejifunza kuunganisha umeme wa sola, amevuta tela la tani tatu kwenye mlima bila kulipindua, hiyo ndiyo stori kali kuliko shuka jeupe. Kwa nini aifiche? Dada anayejua kupanga uzito wa tela lake ana kitu cha kufundisha mamilioni. Badala yake anaficha ujuzi wake ili aonekane kama mtu asiyefanya kazi, eti ndiyo "soft". Mjini kumekuwa na ugonjwa wa kuona jasho ni aibu, na picha hizi zinauchochea.

Maswali matano kabla ya kudata

Mdau anayetamani maisha haya, au anayetaka kukodi RV akienda kuona ndugu Marekani, asizimiwe ndoto. Aende, na afurahie. Ila kabla hajadata na mito, amuulize staa wake maswali haya hapohapo kwenye komenti:

1. Tela lina kilo ngapi likiwa limejaa, na gari linalolivuta linaruhusiwa kilo ngapi?
2. Nani amelipia? Kama godoro, jiko au safari nzima imetolewa na kampuni, iandikwe juu, isifichwe kwenye msitu wa alama za reli.
3. Lina deni? Miaka mingapi, riba kiasi gani? Anayesema "hakuna kodi" aseme na marejesho ya mwezi.
4. Maji machafu yanamwagwa wapi, na nani anayamwaga?
5. Jana usiku alilala wapi kweli? Jangwani, au hotelini baada ya kupiga picha?

Staa mwenye majibu hatapoteza mfuasi wa maana. Atakayemfuta mtu kwa kuuliza swali la tano, basi jibu limeshapatikana.

Na mastaa wa huku nyumbani wanaojiandaa kutupia yao mwaka huu wana nafasi ya kufanya tofauti. Wakikodi RV wikiendi moja, waseme wikiendi moja. Wakipita jangwani wakamkuta mzee kwenye tela chakavu, wasimfanye mandhari ya picha yao. Wakishindwa kuunganisha bomba, waonyeshe walivyoshindwa. Watu watacheka, watapenda, na watajifunza kitu. Mitandao imejaa warembo waliolala kwenye shuka nyeupe, lakini mtu anayeonyesha jinsi ya kubadilisha tairi la tela pembeni ya barabara huku mvua inapiga bado ni adimu, na huyo ndiye atakayekumbukwa.

Wadau, uwanja ni wenu. Yule mnayemfuata kwa miaka yote hii, ameshawahi hata siku moja kuonyesha tenki la choo?